Mkono wa Kuazima

Siku yangu ya mapumziko huanza kwa kunyang'anywa mikono.

Sitanii. Nakaa kwenye kiti cha chuma, mgongo wangu umegusana na mgongo wa Dhahabu, na Mkanda unatushika shingoni sote wawili kwa pamoja. Unasikia mchonyoto, kama wa mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Halafu basi. Nikiinuka vidole ni vile vile, pete ni ile ile, lakini ukinipa sindano na utando uliochanika sijui hata pa kuanzia. Ufundi wangu umehamia kwa Dhahabu. Yeye ndiye atakayeingia Chumba cha Shinikizo badala yangu, naye atashona kama nishonavyo mimi, pamoja na ule ubaya wangu wa kuvuta uzi kama ninaudai. Kesho asubuhi tutakaa tena mgongo kwa mgongo, anirudishie.

"Haya, nenda kapumzike, Ma," huniambia, huku akikunja na kukunjua vidole kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Nimeulizwa na wageni wengi kwa nini tunakubali jambo kama hili. Wageni hawajawahi kuona kiu.

Mji wetu mzima unakunywa bahari. Visima viligeuka chumvi zamani, na tangu hapo kila bilauri ya maji, kila sufuria ya chai, kila josho la maiti linapita kwanza Kituo cha Ras Mwiba, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando unachanika. Mashine zinaona pale ulipochanika, lakini haziwezi kuushona, maana shinikizo la maji linaufanya upumue, na sindano lazima ingojee pumzi. Huo ndio ufundi wa Daraja la Tatu: kungojea pumzi. Daraja la Pili hufunga na kufungua mabomba. La Kwanza hubeba, huosha, hukausha, na kwenye karatasi za Kampuni wanaitwa "mikono mitupu".

Mapumziko anayagawa Mpangaji. Si mtu, ni hesabu inayoongea kupitia kipaza sauti ukumbini, kwa sauti ya kike iliyonyooka kama rula. Sheria yake ni moja: wa juu aweza kushika kazi ya wa chini, wa chini hawezi kushika kazi ya wa juu. Ukiisikia mara ya kwanza unaiona ya haki. Ila sasa nani atampumzisha wa juu? Miaka ya mwanzo hakuna aliyetupumzisha. Bi Rukia, mshonaji mwenzetu, tulimkuta ameketi Chumbani, sindano imo mkononi, uzi umekazwa vizuri kabisa, yeye hayupo. Tukagoma, tukafunga malango ya maji. Mji ukalala na midomo mikavu, wenye magari makubwa wakaja kutubembeleza kwa majina ya mama zetu, na mwisho Kampuni ikaleta Mkanda. Sasa, wakasema, kila mtu atapumzika.

Nina kumbukumbu ndefu. Kumbuka hilo neno lao: kila mtu.

*

Jumatatu ile ya mapumziko nilikuwa nyumbani, harusi ya mwanangu Shee imebaki siku chache. Nikahi ni Ijumaa baada ya alasiri. Vijana walikuwa wameshusha uani matawi ya mnazi ya kupamba lango, na mimi, mama wa bwana harusi, nilikaa nayo kivulini nikisubiri chai. Mikono mitupu haina la kufanya.

Shemeji yangu akatoka jikoni na birika, akasimama.

"We Mwanakheri, hayo umejifunza wapi?"

"Yapi?"

"Hayo!"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimelipasua tawi katikati, nimekunja majani moja juu ya jingine, chini ya jingine, na mapajani mwangu lilikuwa limelala kuti la kumba lililosukwa likakazana, refu kama mtoto mchanga. Mimi ni mtoto wa zege na mabati. Sijawahi kusuka kuti hata la kuzibia banda la kuku. Nikavijaribu vidole tena, taratibu, nikivichungulia kama mtu anayemvizia kuku atagaye. Nikiviangalia sana, vinasita. Nikitazama pembeni, vinasuka.

Walituambia ufundi ukishatoka, pale mahali pake hapabaki kitu. Basi nani aliyekuwa amekaa pale?

*

Kesho yake, Mkanda ulipotuachia, sikuinuka.

"Dhahabu, mwanangu. Kwenu nani anajua kusuka kuti la kumba?"

Akageuka ghafla hata kiti kikalia. "Mama. Alikuwa. Mbona unauliza?"

Hilo "alikuwa" ndilo lililonishika. Mama yake alikuwa amefariki, na mahanga ya kufunga msiba ni Ijumaa hiyo hiyo. Kwao, binti mkubwa ndiye anayesuka kuti la mwisho la banda la waombolezaji, mbele ya watu, kisha banda linabomolewa na kila mtu anarudi kwake. Binti asipokuja, banda halibomolewi. Msiba unabaki umekaa uani kama mgeni asiyeaga.

"Umeomba siku?"

"Nimeomba."

Tukaenda wote wawili ukumbini. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akajitaja: Dhahabu Kenga, Daraja la Kwanza, Ijumaa, kufiwa.

"Ombi halikubaliki," ikajibu ile rula. "Dhahabu Kenga hana siku."

"Hana siku Ijumaa?" nikauliza mimi.

"Dhahabu Kenga hana siku."

Msimamizi wetu, Bwana Mghanga, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema maana watu wanapenda kuwe na mtu mbaya. Alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa ofisi yake, akatueleza kwa upole, kama mwalimu wa hesabu.

"Mama, ukiwa kazini wewe, Dhahabu anahesabiwa akiba yako, usije ukaugua. Ukipumzika, anahesabiwa wewe. Sasa akiba haipumziki, na wewe uliye Chumbani hupumziki. Ndiyo maana."

"Tangu lini?"

"Tangu Mkanda."

Nilimtazama Dhahabu. Tangu Mkanda! Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa yuko shule.

"Na mbona hukuniambia?"

Dhahabu alikuwa akitazama ile ndizi. "Ningekwambia, Ma, ungepumzika?"

Nikamwacha, nikageukia mlango wa ofisi.

"Si basi mtu mwingine apewe mkono wangu Ijumaa," nikamwambia Mghanga.

"Mkanda hauzoei mtu kwa siku mbili. Kuwazoesha wawili ni msimu mzima, mama unajua. Wewe una Dhahabu, Tawakal ana Mbodze. Vyumba ni viwili, lazima kila kimoja kiwe na Tatu." Akatafuna, akameza. "Ijumaa ama uwepo wewe, ama yeye. Mkaelewane tu kindugu."

Kindugu! Wakishatufunga kamba moja shingoni ndipo wanapokumbuka undugu.

*

Nitakwambia nilichofikiri usiku ule, kwa sababu hadithi zikisimuliwa baadaye kila mtu huwa shujaa. Nilifikiri: Shee ni mmoja tu. Baba yake hayupo. Nani atakayempokea mkwe mlangoni? Nikafikiri pia: mama hufa mara moja. Nikazigeuza hizo mbili mpaka zikanichosha, halafu fikra yangu ikatoka nje ya zizi, ikaanza kuzurura kwenye lile kuti. Kama kilichokuwa cha Dhahabu kimebaki kwangu hata kidogo, je, changu?

Asubuhi nilimvuta hadi chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya zamu. Mkanda haukuwepo shingoni mwa mtu. Mikono yangu yote ilikuwa kwangu, au hivyo nilidhani. Nikamnyooshea kipande kibovu cha utando na sindano.

"Shona."

"Ma, leo mimi ni wa ndoo."

"Shona, nakwambia."

Akacheka, akaichukua kwa mzaha. Halafu mzaha ukamtoka usoni. Sindano ilishuka, ikangoja, ikashuka. Alishona ule mchaniko mpaka mwisho na kuukata uzi kwa jino, kama nifanyavyo mimi, na Kampuni imekataza. Tulikitazama kile kipande kama tumekiokota barabarani.

"Huu ni mkono wako," akasema kwa sauti ndogo.

"Si wangu huo. Umeushika sana, umeota mizizi kwako."

Kisha nikatoa kwenye mkoba tawi la mnazi nililokuja nalo. Akalipokea kwa furaha, akalipasua kwa pigo moja, akaanza. Kunja, pitisha, kunja. Alipofika katikati vidole vikasimama. Akarudi nyuma, akaanza tena, vikasimama palepale.

"Kuna hapa... Mama alikuwa akifika hapa anafanya..." Akanitazama. Sijawahi kuona mtu ameibiwa na hajui alaumu mlango upi. "Nimepasahau, Ma. Kusuka kuti nitasahauje?"

Mlango ulikuwa umefunguka. Tawakal, mshonaji mwenzangu wa Chumba cha pili, alikuwa amesimama, taulo begani, na alikuwa ameona sindano.

"Mwanakheri," akasema, "siri hiyo kaizike."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Wakijua kwamba ukikaa mgongo kwa mgongo na mtu ufundi unabaki, kesho watatukalisha na Kituo kizima. Watatengeneza Tatu kama maandazi. Sisi tuliofunga malango tuliweza kufunga kwa sababu gani? Kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kushona! Leo unataka kuwafungulia?"

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa mpaka leo, kwamba yule mwanamume alikuwa sahihi. Nguvu yetu yote ilikuwa hiyo, uchache wetu. Kwa uchache ule tulipata mapumziko, josho la moto, daktari. Ila tulivipata tukiwa tumepanda juu ya mtu, na yule mtu alikuwa amesimama pale akishika kuti nusu.

"Tawakal, ndugu yangu. Mbodze wako amepumzika lini mara ya mwisho?"

"Usiniletee Mbodze."

"Nakuuliza tu."

"Ijumaa una harusi," akasema. "Nenda harusini. Nyamaza. Dhahabu utampa pole, utampa na kitambaa. Watu wote hufanya hivyo."

Akaondoka. Taulo lilianguka mlangoni, na hakurudi kuliokota.

*

Kuna haki moja tuliyoipata wakati ule wa malango ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Niliidai mwenyewe, nimesimama juu ya pipa, sauti imenikauka: mfanyakazi yeyote akiomba kupimwa daraja upya, apimwe siku hiyo hiyo, na Mpangaji alifuate jibu bila kuuliza. Tuliidai tukiwaogopa mabosi kutushusha kwa chuki. Tangu hapo wa Tatu hawakuomba, maana tayari wako juu. Wa Kwanza hawakuomba, maana nani apimwe mkono mtupu? Mabosi waliisahau. Mimi sikuisahau.

Alhamisi, mbele ya zamu nzima, Dhahabu alijitaja ukumbini na kuomba kupimwa.

Mghanga alitoka ofisini haraka. "Mama, hii ni nini tena?"

"Ni haki yake, Bwana Mghanga. Muulize huyo dada yako wa kwenye kipaza sauti."

"Ombi la kupimwa limekubaliwa," ikasema rula.

Kupimwa ni hivi: unatia mikono miwili kwenye kisanduku cheusi. Ndani kuna utando ulio hai, una shinikizo, umechanwa mahali usipopajua. Huoni kitu. Unautafuta mchaniko kwa vidole na kuushona huku utando ukipumua. Kisanduku hakiangalii uzuri wa mshono. Kinaangalia kama umengoja.

Dhahabu alitia mikono. Tuliyasikia maji mabombani. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu, au ikimwita mtu.

"Dhahabu Kenga," ikasema sauti. "Daraja la Tatu."

Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wakitazamana wale wa ndoo, mmoja mmoja, kama watu waliosikia jina lao likiitwa kwenye nyumba ngeni. Kisha Mbodze akapita katikati yao, mwanamke mpana, mikono amekunja hadi kwenye kiwiko.

"Na mimi. Nimebeba mkono wa Tawakal hadi nimejifunza kujikuna kisogo kama yeye. Nijue nimepata na nini kingine."

Akapimwa: Tatu. Watu sasa wakacheka, na kicheko kile kilimpiga Tawakal usoni.

Mghanga alikuwa amesahau kunifokea. Alikuwa akikitazama kisanduku, na macho yake yalikuwa na udadisi uleule niliokuwa nao mimi juu ya lile kuti. "Kwa hiyo mtu akikaa na mtu..." alianza, akaishia hapo. Nilimwona akipiga hesabu. Hesabu ile ndiyo Tawakal aliyoiogopa, na ilikuwa imeanza kutembea, na ni mimi niliyeipa miguu.

Basi nikaitangulia.

"Kabla hujamaliza kuhesabu," nikamwambia, "nipime na mimi."

"Wewe ni Tatu, mama."

"Nipime."

Nikatia mikono. Nilizaliwa na vidole hivi. Nimeshona katika kiu, katika msiba, na mimba ya Shee ikinipiga mateke. Niliupata mchaniko upesi. Nikangoja pumzi. Nikashusha sindano, na pumzi ilikuwa imeshapita. Nikangoja tena. Kitu fulani kilikuwa kikichelewa mahali fulani katikati ya bega na kidole, kidogo tu, kama mtu anayekuitikia kutoka chumba cha pili.

"Mwanakheri Bwanaadi. Daraja la Pili."

Naam. Nilikuwa nimekisia, lakini kukisia si kusikia.

"Umeona?" nikamgeukia Mghanga, nikawageukia wote. "Hautengenezi Tatu huo Mkanda. Unamega huku unabandika kule. Mkitukalisha sote mtapata watu wengi wanaojua nusu, na siku moja utando utapasuka pasiwe na anayejua nzima. Mkono haunakiliwi. Unahama. Na wa hawa mliowaita mikono mitupu umehama vilevile, ila hakuna aliyewahi kuupima!"

Sauti ilikuwa imenikauka kama siku ile ya pipa. Mbodze aliniletea maji.

Mpangaji haoni aibu, hana wa kumlinda. Alizungusha hesabu yake, akasema: Ijumaa, Vyumbani, Tawakal na Mbodze. Dhahabu Kenga, Daraja la Tatu, kufiwa, ombi limekubaliwa. Mwanakheri Bwanaadi, Daraja la Pili, ombi la mapumziko limekubaliwa, nafasi yake yaweza kushikwa na yeyote aliye sawa naye au juu yake.

Yaani waliponishusha ndipo nikawa mtu wa kupumzishwa na yeyote.

Jioni, langoni, Tawakal alinipita bila salamu. Hatua chache mbele akasimama, bila kugeuka.

"Kesho nitakuja," akasema. "Usidhani ni kwa ajili yako. Watu watataka kuoga Ijumaa."

*

Shee alioa. Nilimpokea mkwe wangu mlangoni kwa mikono ambayo kwa mara ya kwanza siku ya mapumziko haikuwa kwa mtu. Ngoma ilipochanganya nilijikuta nimekaa pembeni na tawi la mnazi, vidole vinasuka vyenyewe, na nikafahamu ni nani niliyekaa naye. Mama yake Dhahabu sikuwahi kumwona. Siku aliyokuwa akiagwa kwao alikuwa kwangu harusini, ndani ya vidole vyangu, anafika katikati ya kuti na kupita.

Jumamosi Dhahabu alikuja kazini macho yamevimba. Alikuwa amevaa beji mpya ya Tatu, ameibandika upande.

"Banda limebomolewa?" nikamuuliza.

"Mjomba alilibomoa. Nilifika katikati, Ma, nikashindwa. Watu wakasema ni huzuni, wakanisamehe." Akakaa kwenye benchi. "Haikuwa huzuni."

Pale kwenye kona, Mkanda ulikuwa ukining'inia kwenye ndoano yake, taa ya kijani inawaka, uko tayari. Dhahabu aliutazama. Nami niliutazama. Ingekuwa dakika chache tu, mgongo kwa mgongo.

"Hapana," nikasema. "Huo unatoa huku ukichukua."

Nikafungua mkoba, nikatoa matawi mawili. Moja lake, moja langu. Nikakaa ubavuni mwake, si mgongoni, ili aone.

"Tazama vidole, usinitazame mimi. Ukifika hapa, hukunji. Unalivuta hili la chini lije juu, unalishika kwa kidole gumba, unangoja kidogo."

"Unangoja?"

"Mama yako alikuwa anangoja."

Akajaribu, likamponyoka. Akajaribu tena. Mbodze akaja na ndoo yake, akaigeuza, akaikalia. Wawili wengine wakasimama mlangoni, mmoja akauliza kama matawi yapo mengine. Taa nyekundu ya ukutani ikawaka, ile inayomwambia Mpangaji kwamba watu wamekaa bure, na Mghanga akachungulia akiwa na ndizi yake.

"Mama, zamu imeanza. Mnafanya nini hapo?"

"Tunarudisha," nikamwambia, bila kuinua macho, maana Dhahabu alikuwa amefika katikati, kidole gumba kimeshika, anangoja.